Rozimari ndani ya nyumba: kuikuza dirishani na kuizalisha kwa vipandikizi

Rozimari haijui kunyauka. Mchicha ukikosa maji tangu asubuhi, ikifika alasiri umelala na unakuonyesha kosa lako, ukiumwagilia, unainuka. Rozimari hubaki wima, kijani, inanukia vizuri, na huku mizizi yake huenda ilikufa wiki mbili zilizopita. Majani yake ni membamba kama sindano, magumu, yenye maji kidogo, kwa hiyo hayalegei upesi hata tawi likiwa limekwisha kufa. Ndiyo maana utasikia mtu akisema ilikuwa nzima, mara ikakauka ghafla. Haikukauka ghafla, ilichelewa tu kuonyesha.

Basi mmea huu huangaliwa kwa mkono kuliko kwa macho. Unainua chungu kupima uzito, unachoma kijiti udongoni, unakwangua gome kwa ukucha. Ukizoea hayo matatu, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Kwao rozimari ni pwani za Mediterania, kwenye miteremko ya mawe yenye jua kali, upepo, na udongo usioshika maji. Huko mvua hunyesha msimu wa baridi na kiangazi ni kikavu kabisa. Jina lake la Kilatini lilikuwa Rosmarinus officinalis. Mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia mmea huu kwenye jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Salvia, kwa hiyo ukikuta kibandiko kimeandikwa Salvia rosmarinus, usidhani umeuziwa kitu kingine. Nairobi, Limuru, Arusha, Lushoto, Iringa na Mbeya huota nje bila shida, na Nairobi ni ua wa kawaida kandokando ya nyumba na ofisi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ni habari nyingine: usiku hakupoi, hewa ina unyevu, na udongo wa chunguni unachelewa kukauka. Inawezekana kuikuza huko, ila makosa madogo yanayosamehewa Arusha hayasamehewi Kariakoo.

Mwanga

Inataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Mwanga unaotosha kusomea gazeti hautoshi. Kupima, weka kiganja kati ya dirisha na mahali unapotaka kuweka chungu. Kivuli kikitokea chenye kingo kali, kama kimekatwa kwa mkasi, hapo pana jua. Kikiwa na kingo zilizofifia, ni mwangaza tu, na rozimari itarefuka ikilitafuta jua mpaka ianguke.

Utasoma mahali pengi kwamba iwekwe dirisha la kusini. Ushauri huo umetoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Karibu na ikweta jua hupita juu ya paa. Dirisha la mashariki hupata jua kuanzia saa moja hadi saa nne au tano asubuhi; la magharibi kuanzia saa nane au tisa mchana hadi jioni. Adhuhuri jua liko utosini na haliingii ndani, hasa kama paa limetokeza. Nairobi dirisha la kaskazini hupata jua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na la kusini hulipata nusu ya mwaka iliyobaki. Kwa hesabu hiyo dirisha moja mara nyingi hutoa saa tatu au nne tu, tena ukitoa wavu wa mbu, pazia jepesi na vumbi la kioo, hupungua zaidi.

Kwa hiyo mwenye roshani aitumie: ukingo wake wa nje, penye upepo, ni bora kuliko chumba chochote. Asiye na roshani akae na vyungu viwili, kimoja kikiwa nje kwenye jua wiki moja, kingine ndani jikoni, kisha vibadilishane. Chungu cha ndani kisikae mbali na kioo zaidi ya sentimita 30, maana nguvu ya mwanga hushuka haraka sana ukirudi nyuma. Kila wiki kizungushe robo duara, la sivyo mmea utainama upande mmoja.

Taa pia inafaa. Nunua balbu ya LED nyeupe iliyoandikwa kati ya 5000K na 6500K, yenye wati 20 halisi (si ile namba kubwa ya "sawa na wati 100"), uining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya ncha, na uiwashe saa 12 hadi 14 kwa siku. Kwa saa 12, wati 20 ni wati-saa 240 kwa siku, yaani yuniti saba na kidogo za LUKU kwa mwezi. Hapo utaamua mwenyewe kama pilipili manga na limau havikutoshi kwenye kuku.

Walioko London, Oslo au Toronto wao wafuate dirisha la kusini, na waogope zaidi kipasha joto kuliko baridi. Wakati wa majira ya baridi rozimari hukaa vizuri kwenye chumba cha nyuzijoto 10 hadi 15 chenye mwanga. Chumba chenye joto na giza huilazimisha kuota vijitawi vyeupe visivyo na nguvu. Muscat wakati wa kiangazi ni kinyume: iingizwe ndani, dirisha la mashariki, mbali na pale kiyoyozi kinapopuliza.

Chungu na udongo

Chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi ndicho bora, kwa sababu kuta zake hupitisha hewa na kukausha udongo toka pembeni. Pwani hili si suala la urembo. Ni nusu ya uhai wa mmea. Plastiki inafaa nyanda za juu, mradi umwagilie kwa nadra zaidi. Mmea mchanga uanze kwenye chungu cha upana wa sentimita 10, kisha 15, kisha 20 hadi 25 ukiwa mkubwa. Usirushe hatua. Mche mdogo kwenye ndoo kubwa umezungukwa na udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia. Udongo huo hubaki na maji siku nyingi na kuoza huanzia hapo. Matundu ya chini yawe matatu au manne, kila moja upana wa kidole cha mwisho.

Achana na tabia ya kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yapite". Maji hayatoki kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae kabisa, kwa hiyo kokoto hazipunguzi ubichi, zinausogeza tu karibu na mizizi. Kipande cha wavu wa dirishani au kigae juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Mchanganyiko kwa vipimo vya kopo: makopo matatu ya udongo tifutifu, matatu ya mchanga mkubwa wa mto, na moja la mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu. Pwani fanya mawili ya udongo na manne ya mchanga. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Na mchanga laini wa kupiga plasta nao unaziba badala ya kupitisha. Aliye karibu na Naivasha au Longonot anaweza kupata pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Yaliyopondwa ukubwa wa punje za mahindi yanashinda mchanga. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, usiutumie hata kidogo. Ule unaouzwa kwenye bustani za barabarani kama "udongo wa msituni" ni mzuri kwa maua mengine lakini ukiwa peke yake hushika maji mno. Uchanganye nusu kwa nusu na mchanga.

Jaribio: chukua ngumi ya mchanganyiko uliolowa kidogo, uminye, ufungue kiganja. Ukibaki donge, ligonge kwa kidole. Likisambaratika, uko sawa. Likibaki na alama ya kidole kama ugali, ongeza mchanga.

Maji

Chukua kijiti cha mshikaki, kichome sentimita tano chini ya uso wa udongo, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na chembe zilizogandamana na rangi iliyokoza, subiri. Kikitoka kikavu kama ulivyokiingiza, mwagilia. Baada ya mwezi hutahitaji kijiti. Inua chungu mara baada ya kumwagilia, kisha kiinue kila asubuhi. Chungu cha sentimita 20 kilichoshiba maji ni mzigo. Siku kikiinuka kwa wepesi unaokushangaza kidogo, ndiyo siku yake.

Ukimwagilia, shibisha. Kwa chungu cha sentimita 20 ni kama nusu lita, polepole, mpaka maji yatoke chini, halafu baada ya robo saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikombe kidogo kila asubuhi ni kosa linalofanywa kwa huruma: juu kunabaki kubichi siku zote, chini kunaweza kuwa kukavu, na chumvi ya maji inajikusanya katikati. Nairobi mwezi wa Julai huenda ukakaa siku nane hadi kumi bila kumwagilia. Dar mwezi wa Januari huenda zikawa tatu au nne. Hizo ni dokezo tu, chungu ndicho kinachosema.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo mitaa mingi ya Dar, utaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiungua rangi ya kahawia. Rozimari huvumilia chumvi kiasi, lakini chunguni chumvi haina pa kwenda. Mara moja kwa mwezi kisafishe kwa maji ya mvua au ya bomba: kama chungu kina ujazo wa lita tatu, mimina lita tisa, polepole, yote yapite.

Mbolea ni jambo dogo. Mbolea ya maji yenye NPK iliyosawazishwa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mmea ukiwa unachipua, inatosha. Urea usiipe. Nitrojeni nyingi huzaa matawi marefu laini yasiyonukia, na vidukari huyapenda.

Kuzalisha kwa vipandikizi

Mbegu zipo madukani na picha ya pakiti inavutia, lakini huchukua wiki mbili hadi nne kuota, nyingi haziitiki kabisa, na zinazoota haziwi lazima kama mama yake. Mwaka mzima utapita kabla ya kukata tawi la maana. Kipandikizi kutoka kwenye ua wa jirani (piga hodi kwanza) hukupa mmea uleule, na kwa miezi minne au mitano unaanza kuchuma kidogo. Hata fungu la rozimari mbichi la sokoni linaweza kutoa mizizi, mradi liwe limekatwa juzijuzi na halijageuka jeusi kwa baridi ya friji. Fungu la namna hiyo likate upya sentimita mbili chini na uliloweke majini saa mbili kabla ya kuanza.

Kazi iko kwenye kuchagua tawi. Usichukue lenye maua wala vitumba vya maua, nguvu yake yote imekwenda huko. Tawi changa mno, la kijani tupu, linaoza. Lililokomaa mno, la kahawia lenye gome lililopasuka, linachelewa mpaka unakata tamaa. Unalolitaka lina ncha laini ya kijani na chini linaanza tu kugeuka kahawia. Lipinde taratibu katikati: lisijikunje kama uzi, wala lisivunjike kwa mlio, lipinde na kurudi kama waya mwembamba. Matawi ya hivyo hupatikana kwa wingi wiki chache baada ya mvua kuanza, au wiki nne hadi sita baada ya kupogoa.

Kata asubuhi, mmea mama ukiwa umemwagiliwa jana yake. Kisu au mkasi uwe mkali na umefutwa kwa spiriti. Urefu ni sentimita 10 hadi 12, na mkato upite chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapochomoza, kwa sababu chembe zinazogeuka mizizi zimejaa zaidi hapo. Vua majani ya nusu ya chini, kama sentimita tano. Hapa usifanye haraka: ukiyaburuta yote kwa mkupuo kuelekea chini, gome linachanika utepe mrefu na huo ndio mlango wa kuoza. Yachomoe machache machache, ukiyavuta kuelekea juu, au yakate kwa mkasi. Ncha ya juu kabisa ikate sentimita moja ikiwa laini sana.

Unga wa kuotesha mizizi unasaidia lakini si lazima, rozimari huota bila huo. Ukiutumia, lowesha kitako cha kipandikizi, kichovye sentimita moja, kisha kigonge kwenye ukingo wa chupa ili unga uliozidi udondoke. Unga mwingi huunguza badala ya kusaidia. Asali na mdalasini vinavyosifiwa huku na huku havina madhara makubwa, wala sioni vinachoongeza ambacho usafi wa kisu haukifanyi.

Cha kupandia kisiwe na mbolea. Tumia mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kopo moja kwa kopo moja na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale yanayouzwa kama kokopiti. Makumbi ya pwani huwa na chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyakamua mara mbili au tatu. Changanya, mwagia maji yanayochemka, acha yapoe na kuchuja. Kikopo cha mtindi cha nusu lita kinafaa kabisa. Toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Kikiwa cha plastiki inayoonyesha ndani ni bora zaidi, utaona mizizi bila kuchokonoa.

Tengeneza shimo kwa penseli kwanza ili unga usifutike, ingiza kipandikizi mpaka pale majani yanapoanzia, kisha bana udongo kwa vidole viwili. Vinne kwa kikopo, vikiwa kandokando karibu na ukuta na si katikati, maana pembeni kuna hewa zaidi. Jani lolote lisiguse udongo. Nyunyiza maji, acha yachuruzike.

Kuhusu kufunika, ushauri hutofautiana kwa mahali. Nairobi au Mbeya wakati wa baridi kavu, mfuko wa plastiki uliolegezwa juu ya kikopo huzuia majani yasikauke kabla ya mizizi kuja; ufungue dakika 15 kila siku, na ukiona matone yananing'inia ndani uache wazi mchana kutwa. Dar, Tanga au Mombasa usifunike. Hewa yenyewe ni mfuko tosha, na ukifunika utavuna ukungu wa kijivu kabla ya wiki kwisha. Weka penye mwanga mzuri usio na jua la moja kwa moja, na joto la nyuzi 18 hadi 24 likipatikana. Udongo uwe na ubichi wa kitambaa kilichokamuliwa sana.

Sasa subira. Mizizi huja kati ya wiki ya tatu na ya sita, wakati mwingine ya nane. Majani mapya si ushahidi, kwa sababu tawi linaweza kuchipua kwa akiba yake na bado halina mzizi hata mmoja. Ushahidi ni kuvuta: wiki ya nne shika kipandikizi kwa vidole viwili na ukivute kidogo sana kwenda juu. Kikikataa, kina mizizi. Kikija chote bila ubishi, tazama kitako: kikiwa kigumu chenye vinundu vyeupe, kirudishe, kiko njiani, kikiwa cheusi na laini, kitupe na vingine vilivyokigusa uvikague. Panda kumi ukihitaji vitano. Kupoteza vitatu au vinne ni kawaida hata kwa mwenye uzoefu.

Mizizi ikifika sentimita tatu, hamishia kila kimoja kwenye chungu cha sentimita 10 chenye mchanganyiko wa kudumu. Wiki ya kwanza kivulini, kisha jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, siku ya pili muda wa saa mbili, na kuendelea hivyo kwa siku saba hadi kumi. Kikifika urefu wa sentimita 15 kata kilele. Mmea utagawanyika na kuwa kichaka badala ya fimbo.

Kuotesha kwenye glasi ya maji nako kunawezekana, na ni kuzuri kwa watoto kutazama. Maji yafike sentimita nne tu, yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na chupa ya rangi au iliyozungushiwa karatasi huzuia mwani. Ila mizizi ya majini ni dhaifu, huvunjika kama tambi mbichi. Ihamishe ikiwa na sentimita mbili, usisubiri iwe shungi, na udongo uwe mbichi zaidi ya kawaida kwa wiki ya kwanza.

Kwa watu wa pwani wanaopoteza vipandikizi kila mara, kulaza tawi ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Chagua tawi refu la chini, likwangue gome upande wa tumboni kwa urefu wa sentimita mbili hadi tatu, lilaze kwenye kikopo cha pili kilichowekwa jirani, libane kwa waya uliokunjwa kama kibanio cha nywele, ulifukie sentimita mbili, ncha ikibaki nje. Linaendelea kunyonyeshwa na mama huku likitoa mizizi yake. Baada ya wiki nane hadi kumi vuta kidogo. Likishika, katia upande wa mama, na uliache hapo hapo wiki mbili zaidi kabla ya kulihamisha.

Kuchuma na kupogoa

Usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja. Kata kila mara palipo na majani, ukiacha angalau sentimita tano za tawi la kijani chini ya mkato. Ukikata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, mara nyingi hapo hapachipui tena, na utabaki na kisiki. Badilisha chungu kila baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, au mara mizizi inapochungulia kwenye matundu ya chini.

Inapougua

Kabla ya kulia na ukungu, geuza jani. Upande wa chini wa jani la rozimari ni mweupe wenye manyoya mafupi kwa asili, na watu wamekwisha kuipulizia dawa bure kwa sababu hiyo. Ubwiri unga, yaani ukungu wenyewe, hukaa juu ya jani na kwenye ncha changa, kama unga wa ngano uliopeperushwa, na ukipitisha kidole unafutika na kubaki kwenye ngozi. Huja penye hewa iliyotuama. Kata matawi yaliyoshikwa, tenganisha vyungu, fungua dirisha au weka feni iwe inapita. Kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea keki kwenye lita ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, kikipuliziwa jioni kila wiki kinazuia usienee, lakini hakiponyi tawi lililokwisha kufunikwa.

Madoa madogo ya njano kama yaliyochomwa kwa sindano na utando mwembamba kati ya majani ni utitiri. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge. Ukiona nukta zinazotembea, ndio hao. Wanapenda ukavu, basi kazi ya kwanza ni kuosha mmea wote kwa maji yenye kasi, upande wa chini wa majani ukiwemo, siku tatu mfululizo. Kisha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa kwenye lita moja ya maji, rudia baada ya siku tano. Si sabuni ya unga ya kufulia, hiyo huunguza. Dawa hiyo hiyo hutosha kwa vidukari na nzi weupe. Suuza kabla ya kupeleka jikoni.

Majani yanayodondoka ukiyagusa tu, kijani-kijivu, ni ama kiu ama kuoza mizizi, na kwa macho hutofautishi. Inua chungu. Kikiwa chepesi na udongo umejivuta ukaacha mwanya pembeni, ni kiu: kitumbukize chote kwenye ndoo ya maji nusu saa mpaka mapovu yaishe, kwa sababu udongo uliokauka kupita kiasi hukataa maji yamwagwayo juu. Kikiwa kizito na bado majani yanadondoka, kuna kuoza. Pindua chungu, toa bonge zima, unuse. Mizizi mizima ni ya rangi ya maziwa na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, ina harufu ya mtaro, na ukiivuta ngozi yake inavuliwa kama soksi na kubakiza uzi mwembamba mkononi.

Ikiwa nusu ya mizizi bado ni nyeupe, kata iliyooza, punguza matawi kwa theluthi, panda upya kwenye mchanganyiko mkavu na chungu kidogo zaidi, na usimwagilie siku tatu. Kama imebaki michache, usipoteze wiki ukiibembeleza. Kwangua gome kwa ukucha kuanzia chini ya shina kupanda juu. Kahawia, kahawia, kahawia, kisha mahali fulani karibu na ncha unakuta kijani kibichi chini ya ngozi. Kata hapo hapo, vua majani ya chini, na uanze kikopo kipya cha mchanga siku hiyo hiyo, maana kesho kijani hicho huenda kimepanda juu zaidi.